Kamera ya familia kwa Nyanda za Juu: uvute mbali au upate mwanga?

Familia ina fedha kati ya laki sita na milioni moja na nusu, na inataka kamera. Si ya kufungulia studio wala ya kukodishwa kwenye harusi za watu. Ni ya ubatizo wa mtoto, mahafali ya darasa la saba, Krismasi kwa bibi Tukuyu na jioni za kawaida ambazo watoto wanafanya vituko sebuleni. Kwa fedha hizo utakutana na makundi matatu. La kwanza ni kamera ndogo zenye zumu ndefu. La pili ni kamera ndogo zenye zumu fupi lakini kihisi kikubwa zaidi, kihisi kikiwa ni kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga. La tatu ni kamera za kubadilisha lenzi, zile ambazo watu wengi wakiziona shingoni mwa mtu hudhani ni mwandishi wa habari.

Kila kundi nimelichukulia mwakilishi anayepatikana bila kuhangaika sana, mpya au mtumba. Canon PowerShot SX740 HS ya mwaka 2018 inawakilisha zumu ndefu. Sony RX100 ya kwanza kabisa, ya mwaka 2012, inawakilisha kundi la pili. Kundi la tatu lina wawili, Canon EOS 2000D ya mwaka 2018 na Sony a6000 ya mwaka 2014. Mshindani wa tano unaye tayari mfukoni. Kama kamera haiishindi simu yako, hakuna sababu ya kuinunua.

Kwa nyumba nyingi za Mbeya, Iringa na Njombe mimi ningechukua RX100 ya mtumba, ingawa ndiyo ya zamani kuliko zote hapa. Haina Wi-Fi, na muuzaji atakushangaa ukiiulizia huku SX740 inang'aa kwenye kabati lake. "Kaka, hii inavuta mara 40, mwezi unauona na mashimo yake!" Ni kweli, inavuta mara 40. Ila picha za familia haziko mwezini, na huku kwetu kinachozikwamisha mara nyingi ni giza kuliko umbali.

Mwanga wetu ni mdogo kuliko tunavyodhani

Saa sita mchana mwezi wa Tisa, ukiwa Iringa mjini, hata simu ya laki mbili inatoa picha safi, kwa hiyo kulinganisha kamera saa hiyo hakukusaidii kitu. Zilinganishe asubuhi ya mwezi wa Saba Mufindi, ukungu umelala juu ya chai na jua bado halijaonekana. Zilinganishe Tukuyu, ambako mvua ni za kutosha kwa mwaka mzima na wingu limekaa juu ya migomba tangu alfajiri. Zipeleke Njombe ndani ya nyumba yenye madirisha madogo, yaliyofungwa kwa sababu ya baridi, taa ikiwa moja katikati ya dari na watu wote wamesogea kuzunguka jiko. Baridi inatuingiza ndani, nasi tukiwa ndani ndipo yanapotokea mambo tunayotaka kuyapiga picha. Hata sherehe zetu ni hivyo hivyo. Send-off inaanza jioni ukumbini, na ubatizo uko kanisani, padri au mchungaji akiwa amesimama mbali na dirisha.

Mwanga ukipungua, kamera ina njia tatu. Inaweza kuuacha mlango wake wazi kwa muda mrefu zaidi, na mtoto aliyegeuza kichwa akatoka kama moshi. Inaweza kuikuza ishara hafifu iliyoipata, na picha ikajaa chenga. Au inaweza kuwa na lenzi pana na kihisi kikubwa, ikapata mwanga wa kutosha tangu mwanzo. Ni kama kukinga mvua: beseni na kikombe vikikaa chini ya paa moja kwa muda uleule, havipati maji sawa.

Hesabu ambayo haikuandikwa kwenye boksi

Boksi linaandika megapikseli kwa herufi kubwa, na hizo usizihangaikie. Picha ya inchi 4 kwa 6, ile tunayosafisha na kuweka kwenye albamu, ikichapwa kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi inahitaji megapikseli 2 na kidogo tu. Ukubwa wa A4 kwa ubora huohuo unahitaji chini ya 9. Kamera zote nne zina 20 au zaidi. Kwa kipengele hiki zote zimefaulu, tusonge mbele.

Tazama vitu viwili ambavyo havipewi sauti. Cha kwanza ni ukubwa wa kihisi. SX740 ina kihisi cha milimita 6.2 kwa 4.6 hivi. RX100 ina cha 13.2 kwa 8.8, eneo lake likiwa mara nne ya kile cha SX740. 2000D ina 22.3 kwa 14.9, na a6000 ina 23.5 kwa 15.6. Cha pili ni namba iliyoandikwa kwenye duara la mbele la lenzi baada ya herufi f. Ikiwa ndogo, lenzi inapitisha mwanga mwingi, na mwanga unabadilika kwa mraba wa namba hiyo. Kwa hiyo f/1.8 si nafuu ndogo juu ya f/3.5. Inapitisha karibu mara nne.

Viunganishe viwili hivyo, kila lenzi ikiwa kwenye upana wake wa mwisho, yaani haijavuta, jinsi unavyopiga watu sita kwenye kochi. SX740 ni f/3.3. RX100 ni f/1.8. Lenzi inayokuja na 2000D, ile ya milimita 18 hadi 55, ni f/3.5, na ile ya a6000 ya milimita 16 hadi 50 ni f/3.5 pia. Tukisema SX740 inakusanya fungu moja la mwanga, 2000D inakusanya mafungu 10 na nusu, a6000 mafungu 11 na nusu, na RX100 karibu 14.

Soma tena hapo. Kamera inayoingia mfuko wa koti inakusanya mwanga mwingi kuliko 2000D na lenzi yake ya dukani. Watu hawaamini kwa sababu macho yanahukumu kwa ukubwa wa mwili wa kamera.

Na simu? Simu ya bei ya kati yenye kihisi kinachoitwa cha nusu inchi, kwa vipimo milimita 6.4 kwa 4.8 hivi, na lenzi ya f/1.8 inapata mafungu kama 3.7. Maana yake ndani ya nyumba, bila kuvuta, simu hiyo inaipiku SX740 kabla hata haijatumia ujanja wake wa kuunganisha picha kadhaa kuwa moja. Ukinunua SX740 kwa ajili ya picha za sebuleni umelipa fedha nyingi urudi nyuma ya simu yako. Nasema hivi nikijua kwamba ndiyo kamera wauzaji wengi wangependa kukuonyesha kwanza.

Hesabu inageuka ukianza kuvuta. RX100 ikifika mwisho wa zumu yake lenzi inabana hadi f/4.9, nayo inabaki na mafungu chini ya 2. 2000D kwenye milimita 55 ni f/5.6, lakini kihisi chake kikubwa kinaifanya ipate zaidi kidogo ya mara mbili ya RX100 hapo. Ndiyo maana mwenye RX100 ukiwa ndani anapaswa kuzoea kusogea kwa miguu badala ya kidole. Aliyekaa nyuma kanisani, akavuta hadi mwisho, atapata picha ya kawaida tu, na hapo atailaumu kamera bure.

Kuna lenzi moja inayobadilisha kila kitu kwa upande wa 2000D, nayo ni Canon EF 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2015. Ina uzito wa gramu 160, haivuti hata kidogo, na ni miongoni mwa lenzi za Canon za bei nafuu kabisa. Ikikaa kwenye 2000D unapata mafungu karibu 40. Uso wa bibi kando ya dirisha, nyuma yake kumelainika, chenga hazipo. Shida yake ni kwamba kwenye kihisi cha 2000D inaona finyu, na kwenye sebule ya kawaida utagota ukutani kabla watu sita hawajaingia kwenye picha. Ni lenzi ya mtu mmoja au wawili. Kama bajeti inafika 2000D ya mtumba pamoja na lenzi hii, na kuna mtu mmoja nyumbani anayependa kujifunza, mpango huo unaishinda RX100 bila ubishi.

Nani ataishika?

Hili linaamua kuliko hesabu zote hapo juu, nalo huulizwa mwisho. Kwenye familia nyingi mwenye kamera ni mmoja, na ukifungua albamu yao huyo mtu hayumo. Yeye ndiye aliyekuwa upande wa pili. Kamera nzuri ya familia ni ile ambayo shangazi aliyefika jana kutoka Makambako anaweza kupewa, akabonyeza, na picha ikatoka.

2000D hapa inashindwa. Imetengenezwa ili uchungulie kwenye kijicho chake, na ukichungulia inalenga haraka vya kutosha kwa pointi zake 9, yaani sehemu 9 za picha ambazo inaweza kuzilenga zitoke kali. Lakini shangazi hatachungulia. Ataishika mbele ya uso kama simu, atazame kioo cha nyuma. Kwa njia hiyo 2000D inalenga polepole, inasogea mbele na nyuma ikitafuta, na mtoto keshashuka kwenye kiti. Kioo chake hakiguswi kama cha simu, wala hakikunjuki.

RX100 na SX740 zimezaliwa kutazamwa kwa kioo, na zote zinatambua sura. Shangazi ataweza. SX740 ina faida nyingine, kioo chake kinakunjuka hadi kutazama mbele, kwa hiyo mnajipiga wenyewe mkijiona. RX100 ya kwanza kioo chake hakisogei.

a6000 ndiyo inayokaa vizuri katikati. Ina kijicho cha kielektroniki na kioo cha nyuma, vyote vinalenga kwa kasi ileile kwa sababu ndani hakuna kioo cha kupinduka kama kile ambacho kwenye 2000D hupeleka picha kijichoni. Ina pointi 179 za kulenga haraka na inaweza kupiga picha 11 kwa sekunde. Mtoto wa miaka minne anayekimbiza kuku uwanjani Kihesa hatawaponyoka wenye a6000, wakati mwenye RX100 atapata moja katika tano. Ikiwa na lenzi yake ndogo ina gramu 460 hivi. 2000D na lenzi yake inakaribia gramu 675, RX100 ni 240 na betri yake, SX740 ni 299. Uzito si jambo la kujivunia dukani, ila kamera nzito huachwa nyumbani siku mkienda kusalimia tu, na siku hizo ndizo mjomba anapokuwa na hadithi.

Kama watoto wako bado wanakimbia, a6000 ya mtumba ni chaguo langu la pili, na kwa wengine ni la kwanza. Udhaifu wake ni lenzi iliyokuja nayo. Mchana inaridhisha, jioni inalegea kidogo, na lenzi za kuiongezea za Sony si za bei ya Canon 50mm.

Canon EOS R100 ya mwaka 2023 ni jibu la wale wanaotaka kitu kipya chenye risiti. Ina megapikseli 24.1, inatambua macho na ni nyepesi, gramu 356 bila lenzi. Lakini kioo chake hakiguswi, jambo la ajabu kwa kamera ya mwaka huo, na lenzi yake ya milimita 18 hadi 45 inaanzia f/4.5, inayopitisha mwanga mdogo kuliko zote nilizotaja zikiwa kwenye upana. Pia itaivunja bajeti hii au kuigusa mpaka. Nikon D3500 ya mtumba ukiipata ikiwa safi usiidharau. Ina tabia za 2000D, lakini betri yake imepimwa kufikia picha 1,550 kwa chaji moja.

Nyuso zetu na shela nyeupe

Kamera yoyote ikiachwa ijiamulie hudhani kila kinachoonekana mbele yake kina weupe wa wastani. Ikiona shela ya bibi harusi imejaa kwenye picha, inaipunguza mwangaza iwe kijivu, na uso wa bwana harusi aliyevaa suti nyeusi unazama naye. Ukungu wa Njombe nyuma ya watu unafanya vilevile, na anga jeupe la Tukuyu pia. Sisi wenye ngozi nyeusi ndio tunaolipia kosa hilo.

Dawa ni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Ongeza hatua moja, wakati mwingine moja na theluthi, na nyuso zinarudi. Kwenye a6000 unafika huko kwa kubonyeza gurudumu la nyuma upande wa chini. Kwenye RX100 unaweza kuiambia pete iliyozunguka lenzi ifanye kazi hiyo, ukawa unazungusha tu huku unaona picha inang'aa kwenye kioo. Hicho ndicho ninachokipenda zaidi kwenye kamera hiyo. Kwenye 2000D unashikilia kitufe huku unazungusha gurudumu, na ukichungulia kijichoni huoni badiliko mpaka umepiga. SX740 inayo pia. Yoyote utakayonunua, jifunze hiki kabla ya kitu kingine.

Flashi zote nne zinazo, za kufyatuka juu. Ukiipiga moja kwa moja utapata nyuso zinazong'aa jasho na kivuli kigumu ukutani. Kwenye RX100 na a6000 flashi imekaa kwenye kimkono chembamba, na kidole kikiirudisha nyuma taratibu mwanga unapiga dari na kushuka kwa upole. Nyumba yenye dari ya jipsamu nyeupe inapendeza sana kwa namna hii. Nyumba isiyo na dari, mwanga unapotelea kwenye bati. Kwenye ukungu usiiwashe kabisa, maana itaangaza matone ya ukungu yaliyo mbele ya lenzi na watu watabaki nyuma ya pazia jeupe.

Mahali ambapo SX740 inashinda

Nimeisema vibaya, sasa niipe haki yake. Familia ikipanga kwenda Ruaha kutokea Iringa, zumu ya SX740 inafika sawa na milimita 960 kwa kipimo cha zamani cha filamu. RX100 inaishia 100, na 2000D na lenzi yake ya dukani inaishia 88. Tembo akiwa ng'ambo ya mto, wenye RX100 watapata mto mzuri wenye doa la kijivu. Mwenye SX740 atapata jicho. Jua la Ruaha mchana ni kali, mwanga si tatizo tena, na kihisi kidogo kinafanya kazi yake bila aibu.

Mahafali ya nje nayo yanaipendelea. Wazazi mmewekwa nyuma ya kamba, mtoto anaitwa jukwaani, una sekunde tano. Vuta, piga. Mechi ya shule vilevile, wingu likiwa jepesi. Ila mahafali yakihamia ukumbini kwa sababu ya mvua, ukivuta hadi mwisho lenzi inabana hadi f/6.9 na utarudi nyumbani na chenga.

Maua ya Kitulo ni suala lingine. Hifadhi ile iliyotangazwa mwaka 2005, iliyoko juu mita 2,600 hivi, huchanua kati ya Desemba na Aprili, na watu huenda kwa ajili ya okidi. Ua dogo linataka kamera isogee karibu. SX740 inalenga kitu kilicho umbali wa sentimita 1, RX100 sentimita 5, zote zikiwa kwenye upana. Simu nyingi zinaweza pia. Hapa usinunue kamera kwa ajili ya maua.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni mara ngapi kwa mwaka utahitaji tembo, na mara ngapi utahitaji sebule. Kama wewe ni mtu wa safari za mbuga, au unafundisha michezo, SX740 inunue na simu ibaki kazi ya ndani. Hao wawili wanasaidiana vizuri.

Baridi, vumbi na umeme

Betri za lithiamu huishiwa mapema kwenye baridi. Alfajiri ya Makete mwezi wa Saba, kukiwa na umande ulioganda kwenye nyasi, betri iliyosoma nusu inaweza kuzima ghafla. Iweke mfuko wa ndani, ikipata joto hurudisha sehemu ya nguvu. Kwa vipimo vya viwandani SX740 inapiga picha 265 kwa chaji, RX100 330, a6000 360 ukitumia kioo cha nyuma, 2000D 500 ukichungulia. Kwa baridi yetu punguza.

Umeme ukikatika tofauti ni kubwa. RX100 na a6000 huchajiwa zikiwa na betri ndani kwa waya mdogo wa USB wa aina ile ya simu za zamani, kwa hiyo pawabenki au soketi ya gari inatosha. 2000D inataka betri itolewe iwekwe kwenye chaja yake ya ukutani. Safari ya kijijini siku tatu, hilo utalikumbuka.

Vumbi la kiangazi ni adui wa lenzi zinazochomoza na kurudi, yaani RX100 na SX740. Kila zikirudi ndani zinaingia na kilicho juu yake. Mchanga wa Matema ni mbaya zaidi, chembe moja kwenye maungio na lenzi inakwama nje. Kwenye 2000D na a6000 hatari iko wakati wa kubadilisha lenzi. Usifanye hivyo kando ya barabara ya vumbi, geuza mdomo wa kamera chini, fanya haraka. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyozibwa dhidi ya mvua.

Na ukishuka kutoka Makete kwenda Ziwa Nyasa, umetoka zaidi ya mita 2,000 juu hadi chini ya 500 kwa siku moja. Kamera iliyopoa ikikutana na hewa ya joto yenye unyevu inatoka jasho, nje na wakati mwingine ndani ya lenzi. Iache kwenye begi lililofungwa nusu saa kwanza. Unyevu wa Rungwe ukikaa miezi kabatini unaotesha fangasi kwenye lenzi, kwa hiyo vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya usivitupe. Vitie kwenye begi la kamera.

Picha ifike kwa watu

Ndani ya dakika kumi baada ya keki kukatwa kuna dada yuko Dodoma anaandika kwenye kundi la familia, "Mbona hamtumi picha?" SX740, 2000D na a6000 zinatuma kwenye simu kwa Wi-Fi. RX100 ya kwanza haiwezi, na kwa baadhi ya nyumba hilo pekee linatosha kuikataa. Kisoma kadi kidogo kinachochomekwa kwenye simu kinalitatua, na binafsi nakiona ni cha haraka kuliko kuunganisha Wi-Fi ya kamera ambayo hukatika katikati. Kitunze mahali pamoja na kamera, vinginevyo siku ya tukio hakitaonekana.

Ukituma WhatsApp picha inabanwa. Zile za kusafisha zipeleke studio kwa kadi au flashi diski.

Ukifika kwa muuzaji

Bidhaa nyingi za aina hii zinakuja kwa basi kutoka Kariakoo, na kurudisha kitu Dar es Salaam kutoka Mbeya, zaidi ya kilomita 800, si mchezo. Kagua kabla fedha haijatoka.

Kwa Sony anza na menyu. Zile zilizouzwa kwa soko la Japani nyingi zina menyu ya Kijapani peke yake, na muuzaji anaweza kukuambia utabadilisha ukifika nyumbani. Fungua mipangilio mbele yake, utafute Kiingereza. Kisipokuwepo, hakitakuja. Canon haina usumbufu huo mara nyingi.

Kwa lenzi ya 2000D tafuta herufi IS pembeni. Ile 18-55 ipo ya aina mbili, moja inatuliza mtikisiko wa mkono na nyingine haifanyi hivyo, na kwenye picha ya tangazo zinafanana sana. Isiyo na IS iache, labda punguzo liwe kubwa kweli.

Kwa zenye lenzi ya kuchomoza, washa na kuzima mara kadhaa ukisikiliza. Mkwaruzo au kusita ni dalili ya vumbi au ya kuanguka. Vuta hadi mwisho, rudi. Mulika ndani ya lenzi kwa tochi ya simu kutokea upande wa pembeni: nyuzi kama za buibui ni fangasi. Piga picha ya ukuta mweupe na ya dari yenye kivuli, zikuze kwenye kioo, tafuta madoa yanayokaa palepale kwenye zote mbili. Hakikisha flashi inafyatuka.

Betri ya mtumba ihesabu kuwa imekwisha. Tenga fedha ya betri nyingine tangu mwanzo, na uwe mwangalifu na kadi. Kadi ya gigabaiti 512 inayouzwa kwa bei ya soda ni ya uongo, itapokea picha na kuzipoteza. Gigabaiti 32 kutoka duka linalotoa risiti inabeba maelfu ya picha, na kwa familia inatosha kabisa. Kinachobaki kwenye bajeti, kama ni 2000D kiende kwenye ile 50mm, kama ni RX100 kiende kwenye kisoma kadi na begi dogo lenye zipu inayofunga hadi mwisho.